Mgongo wa Mwezi

Mume wa Zilpa alipofariki, alimwachia mtoto mmoja, Akello, na duara moja la dhahabu kule Matongo. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, dhahabu ilipokuwa imevuta watu kutoka kila upande, na mjane mwenye shimo linalotoa hakukosa wa kumtolea macho. Shemeji yake Orwa, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia vijana kule chini. Zilpa alipika, alilinda mifuko ya mawe, na alimwamini.

Kisha mawe mazuri yakaanza kupungua. Orwa akasema dhahabu ina watu wake wanaoijua, akamleta Simioni, mzee mwembamba kutoka Nyambureti, aliyevaa koti zito hata kwenye jua kali. Simioni alilizunguka duara, akanusa udongo, akatoa maelezo. Mwezi una upande wa giza, alisema. Ukizima, ujue upande huo umeigeukia dunia, na dhahabu ikiuona inaogopa, inazama chini zaidi. Siku hizo mtu asiingie shimoni, litamfukia. Yeye mwenyewe angekaa mdomoni mwa duara, bila kula, aitulize dhahabu isiende mbali.

Vijana walikubali upesi, maana duara moja ng'ambo ya kijito lilikuwa limefukia watu karibuni. Zilpa hakukubali wala hakukataa. Alianza kutazama.

Alisikia vijana wakilalamika kila waliporudi kazini kwamba mwamba mzuri waliouacha haupo. Orwa aliwajibu kuwa umezama, si waliambiwa? Lakini Nikodemo, kijana aliyefanya kazi hapo tangu enzi za marehemu, alimwita Zilpa pembeni akamwambia ameona alama mpya za patasi ukutani. Jiwe linalozama lenyewe haliachi alama za patasi.

Tangu hapo Zilpa alimshuku Simioni. Alimtazama mikono alipokula na viatu alipopita. Usingizi ulimpotea akiwaza lile koti lina mifuko mingapi.

Siku ya kwenda Tarime kununua sabuni, aliingia kwenye duka la vitambaa la mzee Hamim, aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu. Alimwamkia, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akamuuliza kama ni kweli mwezi una upande wa giza. Mzee Hamim hakucheka. Alimwomba asimame katikati ya duka, akaanza kumzunguka polepole, uso wake ukimwelekea muda wote.

"Mgongo wangu umeuona?"

"Hapana, mzee."

"Na hutauona, maana nageuka kadiri ninavyokuzunguka. Lakini nilipopita hapo kati yako na mlango, jua lilikuwa linanipiga mgongoni. Ndivyo mwezi ulivyo. Una upande tusiouona, mama, ila si wa giza. Siku mnazosema mwezi umezima, huo mgongo wake ndio unaowaka jua lote."

Zilpa alirudi Matongo na neno moja kichwani: Simioni ni mwongo, na mwongo ana sababu.

Mwezi ulipozima tena, aliaga kwamba anakwenda kwa ndugu zake ng'ambo ya Sirari. Alifika barabarani na mkoba wake, akageuka, akapita katikati ya mahindi, akatokea kwenye duara saa sita mchana. Simioni alikuwa peke yake, midomo imemkauka, koti amelikunja na kulikalia. Zilpa aliliomba, akalipekua mbele yake. Alikuta tumbaku na kipande cha muhogo mkavu. Mzee alimwacha apekue.

Ndipo aliposikia nyundo chini ya miguu yake.

"Unasikia?" aliuliza.

"Siku hizi zote nasikia," Simioni alijibu kwa sauti ya chini. "Ni dhahabu inashuka. Orwa aliniambia nisiogope."

Hapo Zilpa akaelewa. Mtu aliyemtilia shaka alikuwa amekaa hapo na njaa yake, na yule aliyemwamini alikuwa chini. Alikimbia kuwaita vijana.

Nikodemo na wenzake walishuka na tochi. Mwisho wa njia walikuta tundu la kupenya mtu, limefungukia duara la jirani yao Matiko, na mawe yamepangwa kando tayari kuliziba. Maduara huweza kutobozana kwa bahati mbaya, na wenyewe hukaa wakaelewana. Hili lilikuwa limefichwa. Orwa alikuwa amechuchumaa akiwamulikia watu wa Matiko wakipasua mwamba wa Zilpa.

Alipopandishwa juu hakukana.

"Duara hili lilikuwa la kaka yangu," alisema. "Lilipaswa kuja kwangu."

"Ungenidai, shemeji. Ungekuja tukae, uniambie."

Vijana wakamgeukia Simioni na mipini ya nyundo, na Zilpa akasimama katikati. Aliwaambia huyu ametumiwa kama walivyotumiwa wao. Kisha akamweleza mzee habari za mgongo wa mwezi.

"Huyo Hamim amefika huko nyuma akaona?" Simioni aliuliza.

Zilpa akamrudishia koti. Mzee akalivaa, akashika njia ya Nyambureti.

Mkutano wa kijiji uliamua tundu lizibwe na Matiko arudishe mifuko ya mawe. Orwa alihamia kwa wajomba zake upande wa Kenya, na Nikodemo akashika usimamizi. Mara nyingi Zilpa alijikuta akimtazama huyo naye mikono.

Zilpa alikutana tena na Orwa kwenye msiba wa shangazi wa mumewe. Orwa alimletea chakula yeye mwenyewe, akaweka sahani mbele yake, akabaki amesimama. Zilpa alinawa, akaitazama sahani, hakugusa. Orwa akaelewa. Alichuchumaa, akamega tonge kutoka sahani ileile, akachovya, akala. Zilpa akasubiri ameze, ndipo naye akamega.