Usaili wa Mpini wa Kishoka cha Babu

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Tume Kuu ya Uteuzi wa Mpini, cheo ambacho hakijawahi kushikwa na mtu yeyote wa kidato cha tatu, na naomba wasomaji wote wasimame. Wakishasimama, wakae. Nilikuwa nimevaa kaptula ya kulalia iliyochanika nyuma.

Mpini huo ulitafutwa kwa ajili ya kishoka cha marehemu babu yangu, Mzee Mbonea. Ni kishoka kidogo, kinaingia kwenye begi la daftari, na ubavuni kimechongwa mwaka 1938. Babu alikipata ujanani kwenye mashamba ya mkonge, akakitumia kuwachongea watu mipini hadi mpini wake wenyewe ukashika umbo la kiganja chake. Tulipomzika, Bibi aliendelea kukitumia kila asubuhi kuchanja vijiti vya kuwashia moto. Vijiti vilizidi mahitaji ya moto wowote ninaoujua. Nadhani alitaka kushika mpini tu.

Likizo hii mpini ukavunjika. Bibi alikisahau kishoka nje, kikanyeshewa siku mbili, mpini ukapasuka. Hayo ndiyo maelezo rasmi, na aliyeyatoa ni mimi.

Tangu siku hiyo Bibi anauliza mara tatu kama amefunga zizi. Anasimama mlangoni akitazama mikono yake kama mikono ya mgeni. Baba mdogo Elitumaini, anayekaa Morogoro, alipopigiwa simu alisema, "Umri huo," akaja na gari. Leo asubuhi ndiyo ilipangwa Bibi aondoke, akaishi katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Ng'ombe alishapata mnunuzi. Mimi nilipewa kazi moja: nichague mti wa mpini mpya, ili Bibi aondoke na kishoka kizima.

Basi, nikalala.

Ukumbi wa usaili ni bwalo la shule yetu, ila ndani kuna ukungu wa msituni na meza zimeota mizizi. Miti imepanga foleni hadi nje, kila mmoja ameshika cheti cha kuzaliwa. Kishoka kimeketi kando yangu, kichwa kitupu, kinanitazama kwa lile tundu ambamo mpini hupita. Si rahisi kutazamwa na tundu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," kinasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "ita wa kwanza."

Anaingia Mkaratusi. Anainama ili asitoboe bati, na bado anatoboa.

"Nina urefu wa mita arobaini," anasema.

"Tunahitaji sentimita thelathini na tano."

"Zilizobaki mtanitunzia?"

"Hapana."

Mkaratusi anafikiri. "Naweza kupata barua inayosema nilifika?"

Naandika barua. Anaipokea, anapasuka katikati kuanzia juu hadi chini, anaomba radhi, anatoka kwa milango miwili. Bwalo linabaki likinuka dawa ya kikohozi.

Anafuata Mparachichi, mnene, mpole, akitembea kama mama wa kwaya.

"Mimi ni laini, mwanangu. Sitamchubua mtu kiganja."

"Baada ya mwezi mmoja utakuwa umeliwa na dumuzi," kinasema Kishoka.

"Hao ni wapangaji wangu. Nikiwafukuza waende wapi?"

Tunamwandikia naye barua.

Wa tatu ni Mpera, mwembamba, kapinda kiuno. Namfahamu. Ni yule aliyeota nyuma ya jiko la Bibi. Nimeshaanguka kutoka kwake mara nne. Kila anayejua kuchonga anajua mpini wa mpera haukusaliti. Nafurahi, nagonga meza na kutangaza kwamba Tume imepata mshindi na kikao kimefungwa.

"Mimi sikuja kuomba kazi," anasema Mpera. "Nimekuja kutoa ushahidi."

"Tume haipokei mashahidi," nasema haraka.

"Inapokea," kinasema Kishoka. "Babu yako hakuwahi kumchongea mtu mpini kabla ya kumwuliza swali. Ukivunjikia shingoni, ulichongwa mwembamba mno. Ukivunjikia katikati, nyuzi zake zilikwenda upande. Ukilegea, uliwekwa mbichi. Asiyeuliza huchonga kosa lilelile tena. Kwa hiyo, Mheshimiwa: mpini wa zamani ulivunjikaje?"

"Kwa mvua," nasema.

Foleni nzima inanigeukia.

"Mimi nimesimama kwenye mvua tangu nizaliwe," anasema Mpera taratibu. "Baba yangu pia. Mvua tunaijua. Haivunji mpini."

Nataka kuahirisha kikao, lakini bwalo halipo tena. Tuko Morogoro, chumbani. Dirisha linatazama ukuta, na ukuta unatazama dirisha, na vyote viwili vimechoshana. Miti imejibana ndani, matawi ya mmoja puani mwa mwenzake. Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda na gauni lake la kanisani, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Wewe mlango," anasema, "nilikufunga?"

"Ulinifunga, Mama," unajibu mlango.

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyefungwa."

"Unanionea huruma tu," anasema Bibi, anainuka, anaufunga mlango uliofungwa. Anaketi. Anauliza tena. Mlango unajibu tena, sasa ukilia bawabani.

Nasema, "Bibi, twende nyumbani."

Ananitazama kwa adabu, kama anavyowatazama watu wa sensa. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo naona nimechoka na uenyekiti.

Namgeukia Mpera. "Nipe tawi. Nitachonga sasa hivi, nimpe, apone."

"Tawi nitakupa. Lakini ukilichonga bichi, litakauka na kunywea, na kichwa cha kishoka kitaruka kimpige mtu. Lazima likae darini juu ya moto wa kuni, linywe moshi miezi mitatu."

"Litakaa."

"Juu ya moto wa nani?"

Natafuta jiko chumbani. Kuna jiko la gesi. Linanipa pole.

"Moto wa kuni uko kwake, kule mlimani," anasema Mpera, "na kesho mnauzima."

Kutoka ukutani unatoka mkono. Mkono tu, hadi kiwikoni, wenye mabaka ya uzee na kipande cha mkaa kati ya vidole. Unaniashiria nisogee. Unanigonga paji la uso kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, kama fundi agongavyo gogo kusikia kama limekauka. Sijui mkono husikia kwa kutumia nini, lakini ulisikia.

"Mzee anasema una ufa," Kishoka kinatafsiri. "Anasema ufa si kitu, mradi ajue ulianzia wapi. Anauliza mara ya mwisho. Mpini ulivunjikaje?"

Nikajibu. Nilijibu kwa sauti ndogo sana, na kwa heshima ya Tume sitarudia hapa.

Mkono ukalala kidogo juu ya bega langu. Ulikuwa mzito, wa baridi. Kisha ukanikunja kiwiko, ukanipima, ukarudi ukutani.

Nikaamka. Jua lilishachomoza. Nje Baba mdogo alikuwa akifunga godoro la Bibi juu ya gari kwa kamba, akilalamika kuwa kamba ni fupi. Nikaona ndoto ni ndoto, na niliyoyasema huko yabaki hukohuko. Nikanawa uso, nikaingia jikoni nikiwa mtu safi.

Bibi alinimiminia chai.

"Karibu, mume wangu. Kunywa, safari ni..." Alikuwa akitazama mkono wangu. "Nani kakupima?"

Nikatazama. Kutoka kiwikoni hadi kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na alama za mkaa: mstari mmoja kwenye ngozi ya kiwiko, na mwisho wake, karibu na ngumi, mistari miwili iliyoachana kwa upana wa kidole.

"Nimejipaka usingizini," nikasema.

"Mafundi wote wa mipini huishia na mstari mmoja," akasema Bibi. "Babu yako peke yake aliishia na miwili, kwa watoto ambao bado wanakua. Mmoja wa mkono ulivyo, mmoja wa mkono utakavyokuwa. Wewe ulikuwa hujazaliwa alipoacha kuchonga." Akaiweka birika chini. "Na hakumpima mtu kabla hajamwuliza mpini wa zamani ulivunjikaje. Ulimjibu nini?"

Uongo nilikuwa nao. Mwingi, mpya, haujaguswa. Nilikuwa nachagua ulio mzuri nilipoona vidole vyake. Vitatu vilikuwa vimefungwa uzi mweupe.

"Nyuzi za nini hizo, Bibi?"

"Za kukumbuka. Hiki ni ufunguo. Hiki ni kumuaga ng'ombe wangu." Akakigeuza kidole cha tatu kwenye mwanga. "Hiki nimesahau."

"Hukusahau kishoka," nikasema. "Nilikivunja mimi. Nilikuwa nagonga ringi ya lori kwa mpini kama kengele ya shule, ili wadogo zangu waamke wakidhani wamechelewa paredi. Ulivunjika nikicheka. Kisha nikakipeleka kwenye mvua mimi mwenyewe, siku mbili. Wewe ulikiacha hapa jikoni, kinapokaa siku zote."

Bibi hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliita, bila kupaza sauti:

"Elitumaini, shusha godoro."

"Mama? Ndiyo kwanza nimemaliza kulifunga!"

"Lifungue. Halafu mpigie huyo mnunuzi, mwambie ng'ombe hauzwi."

Akaanza kufungua nyuzi kwa meno. Wa kwanza, ukatoka. Wa pili, ukatoka. Kwenye wa tatu akasimama, uzi bado mdomoni, akanitazama.

"Na chumvi kwenye chai ya mchungaji, Jumapili ile? Nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikaomba radhi. Nikawaambia macho yangu yamekwisha."

Nje, Baba mdogo aliacha kuvuta kamba ili asikie vizuri.

"Na chumvi, Bibi," nikasema. "Na chumvi pia ni mimi."