Adapta ya Mwalimu Nnko

Mwalimu Nnko alinipa saa mbili tu: waifai ishike, au nirudishe mfumo wa zamani. Kesho yake wasichana anaowafundisha Ngaramtoni walikuwa wanaanza masomo ya mtandaoni.

Kosa lilikuwa langu. Alifundisha hesabu miaka thelathini akidai njia, si jibu tu, akataka na kompyuta yake ionyeshe njia. Nikamwekea mfumo huru kabisa, wenye programu za wazi tupu, ambazo yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa. Nikasahau kwamba kadi yake ya waifai haiamki bila programu ya siri ya kiwandani, na mfumo ule haupokei siri. Nimeshaungua hivyo mara tatu, lakini mkono wangu hausikii.

Nilikuwa nimemwambia akipita dukani kwa Rasik, muuza vifaa vya kompyuta, anunue adapta. Akaniletea chaja.

"Mwalimu, hii ni ya umeme! Nilitaka ya waifai!"

"Arusha nzima adapta ni chaja, fundi. Swali bovu, jibu bovu. Sifuri."

Nikakimbia mwenyewe. Rasik alicheka, akavuta boksi la vitu visivyouzika, akanipa kidude cha zamani cha waifai, cha kuchomeka pembeni mwa kompyuta. "Chukua mzee kobe, polepole lakini anafika. Huyu hana siri."

Nilipokichomeka, majina ya waifai za mtaa mzima wa Sakina yakajipanga kwenye kioo.

Mwalimu akavaa miwani. "Na programu ya hiki, njia yake inaonekana?"

"Mstari kwa mstari, Mwalimu."

"Basi ndiyo somo la kesho. Na wewe uje, mwenye sifuri."