Pumzi ya Jirani

Fundi cherehani hakujiunga na kwaya kwa kupenda kuimba. Alijiunga kwa sababu ya lango. Kliniki ilikuwa mtaa wa juu, karibu kabisa na kwake, lakini tangu wezi wapite, lango la kati ya mitaa miwili lilifungwa. Mama yake, mgonjwa wa miguu, ilibidi asukumwe kwenye kiti cha magurudumu kuzunguka barabara kuu yote, kilima na vumbi. Ufunguo alikaa nao mwenyekiti wa mtaa wa juu, mjane ambaye watu wa chini walimwita Mama Komeo, na jina hilo hakulipata kwa ukarimu. Barua za kuomba afungue alishazikataa. Basi, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mama Komeo alikuwa mwanakwaya, na fundi naye akaenda kuimba.

Kwaya ilikuwa ya kinyozi, mtu aliyeamini kwamba mitaa miwili ikiimba pamoja itaacha kutazamana kwa jicho la pembeni. Aliongoza kwa kitana. Alipomsikia fundi akamsimamisha ubavuni mwa Mama Komeo, maana wote wawili walikuwa na sauti nene. Hawakusalimiana.

Wimbo uliishia kwenye sauti moja ndefu, ambayo kinyozi hakutaka ikatike hata kidogo.

"Hakuna mwenye mapafu ya kuifikisha peke yake," alisema. "Mwenzako akivuta pumzi, wewe shikilia. Akirudi, nawe uvute yako. Msikilizeni jirani, msinisikilize mimi."

Kusikilizana ndiko kulikowashinda. Kila mmoja alijitia hamnazo, wakavuta pumzi kwa pamoja, na sauti nene ikapotea. Wa sauti nyembamba walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mkitaka kununiana, nunianeni nje," kinyozi akasema. "Humu mnapumua kwa zamu."

Wakajifunza, wapende wasipende. Jumamosi baada ya Jumamosi fundi aliijua pumzi ya yule mwanamke, inapoanza kupungua na inaporudi. Chuki ikaanza kumponyoka, na hilo lilimuudhi, kwa kuwa alikuwa ameizoea.

Siku moja alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kumrudisha mama. Kwenye ile sauti ndefu alikatika kabla ya zamu yake, mara ya kwanza na ya pili, na Mama Komeo akashikilia peke yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Leo una nini, mwenzangu?" akamuuliza walipoketi. "Unahema."

Fundi alikuwa na hotuba aliyoiandaa tangu siku ya kwanza. Yote ikamtoka kichwani.

"Nimetoka kumsukuma mama, kwenye kile kilima."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, dada."



"Barua zenu nilizisoma zote," Mama Komeo akasema taratibu. "Lakini barua haihemi."

Siku ya kliniki ilipofika, lango lilikuwa wazi. Mama Komeo alikuwa ameweka kiti chake hapohapo, na majirani zake wawili walisimama nyuma wakinung'unika.

"Na wezi je?" mmoja akauliza.

"Mchana nitakaa mimi. Usiku tutafunga."

Mama yake fundi, ambaye masikio nayo yalishazeeka, akageuka na kuuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Huyu ndiye Mama Komeo?"

Fundi alitamani ardhi immeze. Mama Komeo akainuka.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama. Nimekuzungusha sana. Pita."