Mawe ya Mtaroni

Muganyizi hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Alikuwa mwalimu mstaafu, lakini mtaa wao kule Mkuyuni aliuendesha kana kwamba bado yuko zamu. Jumamosi ya usafi ikifika, hata wavivu walitoka na majembe mapema, wasije wakagongewa mlango. Na kitu alichokipenda kuliko vyote ni mtaro, ule unaoteremsha maji ya mvua kutoka mlimani hadi mtoni, na mto ukayafikisha ziwani.

Ndiyo maana mawe yale yalimkera. Alikuwa amekwenda Bukoba kwenye msiba, na aliporudi akakuta mawe yamepangwa mtaroni safu kwa safu, yamekatiza njia ya maji, na kingo zimepandwa majani. Akashika kiuno.

"Ujinga huu kafanya nani?"

"Watu wa mradi wa mto," alisema jirani yake, Masele. "Walipanga wakaondoka. Labda watarudi kuyatoa."

"Wameacha kazi nusu, basi. Tutaimalizia wenyewe."

Jumamosi ya usafi wakaimalizia. Waling'oa mawe, wakafyeka majani, wakafagia mpaka sakafu ya mtaro ikang'aa. Mtendaji wa mtaa alipita akasifu, na Muganyizi akavimba kichwa kidogo, kwa haki yake. Mawe yalikuwa mazuri mno kutupwa, kwa hiyo aliyapeleka kwa toroli hadi kwa mdogo wake Renatha, bondeni karibu na mto. Wakayafanya msingi wa jiko, na matatu yakawa mafiga.

Renatha alikuwa mjane, na jiko ndilo lililomweka mjini. Alipika ndizi na maharage kwa wachuuzi wa sokoni, na miaka yote alipikia chini ya turubai, mvua ikinyesha anafunga kazi. Sasa alikuwa na kuta na bati.

"Waitu, kaka," alimwambia kwa heshima ya kikwao, "umenifuta machozi."

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha mchana, tena haikuwa kubwa. Muganyizi alisimama barazani akitazama maji yakiteremka mtaroni bila kukwama popote, akatabasamu peke yake. Hapo simu ikaita.

"Kaka, njoo! Jiko linaondoka!"

Alipofika, jiko halikuwapo. Maji yaliyotoka kwenye mdomo wa mtaro yalikuwa yameuchimba ukingo wa mto, na jiko likaporomoka humo na kuta zake na bati lake. Renatha amelowa chapachapa, mkononi upawa tu. Ukuta wa chumba chake cha kulala sasa ulikuwa hatua chache kutoka kwenye shimo.

Muganyizi hakuelewa. Mwaka jana, kabla hajaushika usafi wa mtaa, mtaro ulijaa majani na mchanga, mvua zikawa kubwa kuliko hii, na mto haukugusa hapa. Mwaka huu mtaro msafi, mvua ya kawaida, na jiko limeliwa. Aliligeuza jambo hilo huku na huku, likakataa kukaa. Masele alinong'ona kwamba Renatha ana watu wanaomwonea wivu sokoni. Muganyizi alimkemea, kisha akajikuta anawafikiria watu hao mmoja mmoja, akajionea aibu.

Asubuhi, ndugu hao wawili wakiwa kando ya shimo, akaja Teodora, dada wa mradi wa mto, na mabuti yake ya mpira. Alipanda mtaro wote, akashuka, uso umebadilika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mawe yetu yako wapi?"

"Tuliyatoa. Yalikuwa yanaziba."

"Hayakuwa yanaziba. Yalikuwa yanayachosha maji. Maji yakiteremka mlima huu bila kizuizi, yanafika mtoni na nguvu zote, yanakula kingo."

"Lakini kila siku mnatuambia tusizibe mitaro!"

"Kwa takataka, mwalimu. Si kwa mawe. Na sisi tulikosea. Tulipanga tukaondoka bila kukaa na nyinyi."

Muganyizi alifungua kinywa kubisha, akakumbuka kibanja cha mama yao kule Kagera. Migomba yote ilitandikiwa nyasi kavu, na mtoto aliyethubutu kuifagia ardhi ikabaki uchi alichapwa, kwa kuwa mvua itapita mbio na udongo wote. Yeye alichapwa. Alilijua jambo hili tangu utotoni, na hakuelewa limempoteaje hapa mjini, mbele ya saruji.

"Mvua nyingine ikija?" Renatha aliuliza. "Nyumba yangu?"

Teodora aliutazama ukuta wa chumba. "Mawe yarudi kabla haijaja."

"Sasa si yarudishwe! Yako wapi?"

Renatha alimtazama dada wa mradi, akamtazama kaka yake, akasubiri.

"Renatha," alisema Muganyizi. "Ni yale ya jiko."

Mwanzoni hakuelewa. Halafu akaelewa. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaza kanga kiunoni, akashuka kwenye tope la mto, akapapasa, akainua jiwe. Lilikuwa figa, masizi yake bado hayajatoka. Alilibeba kifuani mpaka kwenye toroli, akalitua.

Tangu alipojifunza kusema utotoni, Renatha alikuwa akimwita Muganyizi kaka.

"Shika toroli, mwalimu," alisema, akarudi mtoni kutafuta jingine.