Magongo Marefu ya Subhan

Hapa kijijini watu husema mdogo wangu Subhan alikufa kwa kuanguka mtini. Nawaacha waseme, lakini sivyo. Mti ulichukua mguu tu.

Ulikuwa mjozi wa marehemu baba, mti wa njugu zenye ganda gumu, ule ulio nyuma ya nyumba, mrefu kupita mnara wa msikiti. Alipanda na fito yake ndefu kuzipiga jozi, kama alivyopanda kila vuli. Mimi nilikuwa chini nimeshika gunia. Nilisikia tawi likivunjika, kisha kishindo, kisha kimya, na katika kimya kile jozi ziliendelea kudondoka mojamoja juu ya majani kana kwamba bado yuko kule juu anazipiga. Kwetu mijozi huchukua watu kila mwaka. Kwa Subhan ulichukua mguu wa kulia, madaktari wakaukata juu ya goti, nasi tukashukuru tukidhani umeridhika.

Aliporudishwa nyumbani, Akbar alikuja kumjulia hali. Akbar ni baba yake Rifat, msichana ambaye Subhan alikuwa amemchumbia. Tulijua amekuja kuvunja uchumba. Alikunywa kikombe cha kwanza cha chai ya chumvi, akanywa cha pili. Halafu akasema, "Nionyeshe mikono."

Subhan akainyoosha. Akbar akaigeuzageuza, akabonyeza ncha za vidole kama mtu anayenunua kondoo.

"Vuli unapanda miti, majira ya baridi unadarizi shali. Ndivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi miti waachie wengine. Mimi binti yangu sikumwahidi mguu, nilimwahidi mikono hii. Shali uliyopewa na tajiri wako, imalize kabla theluji haijayeyuka, niione. Sindano ikienda, harusi iko palepale. Isipoenda, mwanangu, usinilaumu."

Alipotoka, Subhan alicheka mpaka akashika mbavu. "Umesikia, dada? Nimeuzwa vipandevipande, na kilichobaki kimepata mnunuzi."

Nami nilicheka. Mikono ile ilikuwa mizuri kweli. Ilichora maua ya uzi membamba kiasi kwamba upande wa nyuma wa shali ulifanana na wa mbele.

Magongo tulikwenda kuyachagua mjini Anantnag, karibu na hospitali, siku ambayo baridi ilikuwa imeshashuka kutoka milimani na maji ya mifereji yameanza kushika ngozi ya barafu. Mwenye duka aliitwa Javid, kijana mpole aliyesomea kazi ya viungo bandia. Alimwangalia Subhan aliyekuwa amejikunyata ndani ya feran yake, joho letu la sufu linalofika chini ya magoti, mikono ameitoa kwenye mikono ya joho na kuirudisha ndani, huko tumboni, anakumbatia kangri. Kangri ni chungu cha makaa kilichovishwa kikapu. Kwetu majira ya baridi mtu asiye na kangri ni kama mtu asiye na damu.

"Vua feran, kaka, nikupime," Javid alisema.

"Nivue? Unataka kunipima au kunizika?"

"Sufu hii inadanganya. Kwapa lako silioni liko wapi."

"Liko palepale Mungu alipoliweka. Wewe pima."

Javid alicheka kidogo, akapima juu ya joho akibahatisha. Akaleta magongo mepesi ya bati jeupe yenye matundu na vibonyezo, akayashusha, akamsimamisha. Akamweka sawa kama fundi nguo: mpini usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjwe kidogo. Kisha akaingiza vidole vyake vitatu kati ya kwapa la Subhan na kichwa cha gongo.

"Nafasi hii isipotee, kaka. Uzito unabebwa na viganja. Juu unabana kwa mbavu tu, lisiyumbe. Kwapa lisilalie."

Subhan akasimama kwa viganja. Upepo ukaingia mlangoni. Nikaona vidole vyake vikiwa vyekundu juu ya mpini, na mdomo ukikunjamana.

"Na kangri nitashika na nini? Kwa meno?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Alipenda kuchekesha watu. Akageuka huku na huku, akaona kwenye kona magongo mengine, ya mbao, marefu, yenye mito minene iliyofunikwa ngozi laini. Ngozi ilikuwa imebonyea katikati.

"Yale je?"

"Yale yalirudishwa," Javid alisema.

"Na nani?"

"Na ndugu za mwenyewe."

Subhan aliyataka. Akayaweka chini ya makwapa, mito ikajaa pale kama mikono ya mama anayemwinua mtoto. Akajiachia. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Halafu polepole akaitoa mikono kwenye mipini, akaivuta ndani ya joho, na mikono ya joho ikabaki imening'inia mitupu. Akasimama hivyo, akiwa ametundikwa, anatabasamu, makaa yanampasha tumbo.

"Haya sasa ndiyo magongo," alisema. "Hiki ni kiti."

Javid hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Dada, mwambie. Kwapani ndipo inapopita mishipa yote ya mkono. Mishipa haipendi kukaliwa. Hayo ni ya mtu mrefu kuliko yeye."

Nilimwambia, mbele ya watu na tena njiani. Nilimwambia hata nyumbani. Kila mara alinijibu kwa mzaha, na mwisho akanijibu bila mzaha: "Dada, mimi ndiye nisiye na mguu."

Kila asubuhi alikwenda kwa Sofi mwokaji. Wanaume wote wa mtaa wetu huenda huko baada ya sala ya alfajiri kuchukua mikate, na hawarudi upesi, kwa sababu tanuri lina joto na Sofi ana maneno. Wengine huketi kwenye ubao wa mbele ya duka. Subhan hakuketi. Mara moja aliketi, na alipotaka kuinuka ilibidi wanaume wawili wamshike makwapani wamnyanyue kama mtoto anayejifunza kusimama. Hakurudia. Alisimama akiwa ametundikwa juu ya magongo yake, mikono ndani, mpaka mikate ya mwisho itoke.

"Subhan," Sofi alimwita kutoka kwenye tanuri, "umening'inia kama nyama ya harusi!"

"Ni ya harusi yangu mwenyewe. Wewe usitie meno tu."

"Harusi yenyewe lini?"

"Shali ikiisha. Maua yamebaki kwenye kona moja."

Nilipokwenda kumfuata nilikuwa namwona kutoka mbali, theluji ikianguka. Mikono mitupu ya joho ilikuwa ikipeperuka. Ungedhani ni joho limeanikwa na mwenyewe hayumo.

Kwanza aliangusha kikombe. Chai ilimwagika kwenye zulia, akasema kikombe kimeteleza. Halafu akawa hawezi kufunga kifungo cha shingoni. Akaniita nimfungie, akanitania kwamba napata mazoezi ya kumvisha bwana harusi. Kisha siku moja nikamletea mkate alipokuwa anadarizi dirishani, nikaona ua moja jekundu mahali ambapo hapakuwa na uzi mwekundu. Nikainama. Sindano ilikuwa imepita katika kidole chake cha shahada, imeingia upande huu na kutokea upande ule, naye anaendelea kuvuta uzi.

"Subhan!"

Akatazama. Alichelewa kushtuka, na kuchelewa kwake ndiko kulikonitisha.

"Baridi," alisema. "Nani hana ganzi wakati huu wa mwaka? Muulize Sofi, muulize imamu."

Hapo ndipo palipotupoteza. Alisema kweli. Wakati wa baridi kuu sote vidole vyetu hufa ganzi, na dawa tunayoijua ni moja. Kwa hiyo alizidisha makaa, akazidi kuingiza mikono ndani, na kadiri alivyoingiza mikono ndani ndivyo alivyozidi kulalia yale magongo. Kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kulegea. Alipoinua mkono kumsalimu mtu, kiganja kilining'inia kama ndege aliyevunjwa shingo. Akaacha kusalimu kwa mkono.

Nikamwambia turudi kwa Javid. Barabara ilikuwa imefungwa na theluji. Nikamwambia basi nimwite seremala ayakate yale magongo chini, kiasi cha vidole vitatu.

"Ukiyagusa," alisema, "utakuwa umenikata mguu wa pili."

"Na mikono je? Akbar akija atatazama nini?"

Aligeuza shali uso chini. Alikuwa hajaongeza hata jani moja tangu siku ya sindano. Alikuwa anakaa nayo mapajani saa nzima, sindano ameishika, ili mtu apitaye nje amwone anafanya kazi.

Siku hiyo ilikuwa mchana, theluji imekatika, mwanga mweupe umejaa nyumba nzima. Nilikuwa napika mboga. Subhan alikuwa dirishani, amejitundika, anawatazama watoto wakisukumana barazani kwa Sofi. Alikuwa akitabasamu. Nikasikia harufu ya nyama.

"Unaunguza nini, dada?" aliniuliza.

Nikafunua sufuria. Mboga tu, na maji bado yapo. Nyama hatukuwa nayo wiki hiyo. Nikageuka. Kwenye shingo ya joho lake, chini ya kidevu, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukipanda mbele ya tabasamu lake.

Nilimpandisha joho mpaka kifuani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka ukingoni mwa kangri na kulala kwenye makaa. Ulilala kwa utulivu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mkono wa mtu aliyesinzia. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Yeye alitazama chini akasema, "Utoe, dada, utoe," kama vile ni kitu cha mtu mwingine kilichodondokea motoni.

Niliuosha, nikaufunga kitambaa safi. Akanishika kwa macho, kwa kuwa kwa mikono hakuweza.

"Usimwambie mtu. Sofi akijua, Akbar atajua kabla ya magharibi."

"Subhan, hii si ya kuficha."

"Mpaka barabara ifunguliwe tu. Hauumi, nakuapia. Hauumi hata kidogo."

Ndiyo, haukumuuma. Kidonda kiumacho humfanya mtu ahangaike. Hiki kilikaa kimya ndani ya kitambaa kikafanya kazi yake. Nilipoona mstari mwekundu umepanda mpaka kiwikoni nilikwenda kwa Sofi bila kujitanda vizuri, nikamwambia yote. Sofi hakutania. Alizima tanuri, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya asubuhi, akawaita wanaume. Walimlaza Subhan kitandani, wakakibeba kitanda mabegani kupita theluji mpaka barabara kuu, ambako magari yalikuwa yameanza kupita tena. Alikuwa anawaka homa, na kila walipoyumba alikuwa akiwaambia wasimwangushe, ameshaanguka mara moja inatosha.

Hospitalini daktari alimvua nguo zote. Kwapani, pande zote mbili, ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu kama kisigino. Akambonyeza vidole kwa kalamu, kimoja kimoja, akimwuliza anasikia nini. Kisha akanitoa nje, ukumbini.

"Alikuwa analalia magongo?"

"Ndiyo."

"Mishipa ya mikono imebanwa. Angeyaacha, ingeamka yenyewe. Miezi michache, hata pungufu." Akavua miwani akaifuta. "Tatizo sasa si mishipa, dada yangu. Sumu ya kidonda imeingia kwenye damu."

Akbar alikuja siku ya pili. Sijui nani alimpa habari. Subhan alipomwona mlangoni alijaribu kuficha mkono uliofungwa chini ya blanketi, akashindwa, ukabaki juu ya blanketi.

"Shali imebaki kidogo, mzee," alisema. "Kona moja."

"Najua, mwanangu. Hakuna haraka."

"Theluji bado haijayeyuka?"

"Bado. Iko tele."

Nje ya dirisha maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye paa, na sote watatu tulikuwa tunayasikia. Akbar alikaa muda mrefu, kofia ameishika mapajani, halafu akaenda zake bila kuangalia nyuma.

Jioni Subhan alilala kidogo, akaamka. Macho yake yalikuwa yanatafuta darini.

"Dada, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Nishike mkono."

Nilikuwa nimeushika tangu alipolala, ule wa kushoto, ambao haukuungua. Nilikuwa nimeukumbatia kwa viganja vyangu viwili.

"Nimeushika, Subhan."

"Ushike sana."

Nikaukaza. Nikaukaza mpaka mifupa ya vidole vyake ikasogea ndani ya viganja vyangu. Yeye alinitazama usoni, mtulivu, akingoja.

"Bado, dada," alisema.