Jina la Maite Kwenye Gome Jeupe

Maite Iribarne huwadharau watalii tangu wanaposhuka garini, na wengi wao hawachukui muda kumwonyesha kwamba hakukosea. Jumamosi ile walikuja saba. Mmoja alikuwa na viatu vyeupe pe, vya kutembelea ukumbini. Mwingine alibeba chupa kumi na mbili za maji kwa mwendo wa saa mbili. Halafu kulikuwa na Whitney, mwanamke wa mjini mwenye kofia pana na simu aliyoifunga kwenye fimbo, ambaye kila alichokiona alisema ni cha ajabu: milima, vumbi, hata mavi ya kondoo.

"Hayo ni mavi, dada," Maite alimwambia.

"Najua! Lakini ya ajabu!"

Maite akasonya.

Mji wa Harlan Wells ulikuwa umeishiwa kila kitu isipokuwa mandhari. Mgodi ulifungwa, shule ya sekondari ikafungwa, na sasa watu walikuwa wakiuza mandhari hiyo: njooni muoge chemchemi za moto, njooni mtambae mapangoni, njooni mpande baiskeli kwenye njia ambazo wazee wetu walizipita na punda kwa kukosa namna. Kwa Maite huo wote ulikuwa upuuzi. Yeye aliwapeleka watu kuona miti. Juu kule, vichaka vya kijivu vinapoisha na baridi inapoanza, kuna misitu midogo ya miti ya gome jeupe, na kwenye magome hayo wachunga kondoo wa Kibaski, wahamiaji kutoka ng'ambo, waliandika majina yao kwa upweke. Baba yake, Gratien, alikuwa mmoja wao.

Hakuwa akiifanya kazi hiyo kwa kupenda wageni. Siku walipomzika Gratien, Peio, kaka yake Maite, alimshika bega akamwambia, "Aliandika jina lako huko juu. Aliniambia mwenyewe, ila mti hakuutaja." Tangu hapo Maite alikuwa akilitafuta, miaka ishirini na moja sasa, na watalii walikuwa kisingizio tu cha kupanda. Gratien alikaa mlimani miezi minane ya kila mwaka, na aliporudi alikaa jikoni bila kusema neno. Binti yake alitaka kuona, mara moja tu kabla yeye mwenyewe hajafa, kwamba huko juu baba yake aliwahi kumkumbuka.

Kwenye mti wa kwanza aliwaambia kwamba baba yake alichunga kondoo huku juu, kisha akawapa maelezo yake ya kila siku, kwa sauti ya mtu anayewasomea watoto wazito wa kuelewa.

"Mchunga kondoo hakati, anakwaruza. Ncha ya kisu, mstari mwembamba kama unywele. Akimaliza haoni kitu. Mti wenyewe ndio unaoandika. Unavimba polepole, miaka kumi, kumi na mitano, ndipo herufi zinatoka nyeusi. Anayekata kwa nguvu ni mshamba. Gome linapasuka, uozo unaingia, mti unakufa." Akamtazama mwenye viatu vyeupe. "Kwa hiyo ukijisikia kuandika, andika kwenye viatu vyako."

Whitney aliomba ruhusa ya kwenda haja, akapotelea kwenye miti upande usio na njia. Dakika mbili hazikuisha, akapiga yowe.

"Kakanyaga nyoka," alisema Maite bila haraka.

"Maite! Njoo! Jina lako!"

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwenye goti bovu, alikimbia akivunja matawi, na wale sita nyuma yake. Whitney alikuwa amesimama mbele ya mti mnene, suruali haijafungwa vizuri, machozi yanamtoka. Kwenye gome, kwa kimo cha kifua, paliandikwa MAITE, na chini yake 1968.

Watu wakapiga makofi. Yule wa chupa kumi na mbili akamkumbatia. Na kwa muda wa pumzi moja Maite aliamini.

Kisha akatazama vizuri. Zile hazikuwa herufi zilizovimba, zilikuwa mifereji. Kingo zimechanika, gome limepasuka hadi chini, utomvu wa kahawia umechuruzika kama mchuzi. Kidonda cha miaka mitatu, minne kwa wingi. Na aliyejua Maite anatafuta nini alikuwa mtu mmoja tu duniani.

Akapanda kwenye jabali ambako simu hushika mtandao, akampigia Peio.

"Umekata kama muuza nyama."

Televisheni ilisikika kwa mbali.

"Nani kakwambia ni mimi?"

"Nani mwingine? Umeishi mjini miaka arobaini na zaidi ukiuza bima, kisu umekijulia wapi? Kwenye keki?"

"Nilipanda peke yangu, Maite. Na moyo wangu huu. Nilipumzika mara tisa."

"Ungepumzika moja kwa moja! Unanidanganya msibani, halafu unaona uongo haujakolea, unakuja kuuchonga kwenye mti!"

"Ulikuwa unalia, mdogo wangu. Nilisema tu. Nikadhani baada ya wiki utasahau. Nani alijua una kichwa kigumu hivyo? Kila mwaka unapanda, goti limekwisha. Nikawaza, huyu atafia huko."

Maite alitafuta tusi zito zaidi, akakuta swali.

"Na wewe? Wewe baba alikuandika wapi?"

Peio akacheka, kicheko kisicho na raha.

"Nilitafuta kabla yako. Nikiwa na miaka kumi na saba, kiangazi kizima. Nikakuta jina la mbwa wake mara kumi na moja. Nikakuta la mwanamke wa baa. Basi, nikahamia mjini."

Maisha yake yote Maite alikuwa akimwambia kila anayetaka kusikia kwamba Peio alikimbia mlima kwa sababu ni mlegevu. Sasa aliona aibu, aibu kali ya kuunguza masikio, na hakujua aiseme vipi.

"Mti utakufa," alisema.

"Lini?"

"Miaka mitano. Sita."

"Basi uusome mpaka hapo," Peio akajibu, akakata simu.

Aliposhuka walikuwa wakimngoja kwa heshima, kama wako kanisani. Whitney alimshika mikono yote miwili.

"Baba yako alikupenda sana."

"Hilo si la baba yangu. Ni la kaka yangu. Kaliandika vibaya, mjinga yule."

Mwenye viatu vyeupe akakunja uso. "Kwa hiyo ni feki?"

"Jina aliloandika baba, lake mwenyewe, liko kwenye mti ule pale, wenye picha ya farasi. Mwandiko mzuri kuliko wote mlimani, hata mimi nakiri. Nendeni mkapige picha."

"Wewe huji?"

"Nimeutazama vya kutosha."

Wakaenda, simu zao mbele. Maite akapiga goti lake zima mbele ya lile jina baya, akatoa leso, akaanza kufuta utomvu kwenye herufi moja baada ya nyingine, huku akimtukana kaka yake kwa sauti.