Kopo la Kutoka Mweya

Nimeosha kahawa miaka thelathini hapa Kisinga, kwa hiyo mtu asije kunifundisha habari za maji. Ndivyo nilivyokuwa nikisema. Leo natamani kuukata ulimi huu.

Daktari alimwambia mume wangu Nuwa kwamba moyo wake unaruka mapigo, aache kafeini, kile kitu cha kwenye kahawa kinachomnyima mtu usingizi. Nuwa aache kahawa? Thubutu. Binti yetu Ronah, anayepika kwenye hoteli ya watalii kule Mweya, akatuletea kopo. Akanisomea lebo: kafeini imetolewa kwa maji. Nuwa alinywa amekunja uso, lakini moyo ukatulia.

Kopo likaisha. Ronah yuko kazini, nimsumbue ya nini? Maji si hata mimi ninayo? Nikachukua kahawa yetu, tuliyokwisha kuimenya na kuiosha kama kawaida, nikailoweka tena siku tatu. Maji yalitoka ya njano, nikasema hiyo ndiyo kafeini, iende zake. Ilipokauka nikaikaanga, nikaitwanga, nikaijaza kwenye kopo lile lile.

"Mama Ronah," Nuwa akasema, "hii sasa ndiyo kahawa."

Nilifurahi, jamani. Nikamwongeza kikombe, na kila siku nikamwongeza.

Wiki ya pili akaanguka shambani. Hospitalini daktari akauliza anakunywa nini. Ronah, aliyekuja mbio kutoka Mweya akipitia nyumbani, akatoa kopo mkobani. Daktari akasoma lebo, akasema basi kahawa haina kosa.

Nami, kwa majivuno yangu, nikadakia, "Lebo ni ya zamani. Ya ndani nimeiosha mwenyewe."

Akaacha kuandika. Akanieleza polepole: kiwandani huloweka mbegu mbichi katika maji ya moto saa nyingi, maji yakachujwa kwa makaa maalumu, na hata hivyo kidogo hubaki. "Ya kwako, mama, kafeini imo karibu yote."

Nuwa alisikia. Akanishika mkono, akasema, "Ilikuwa tamu." Jioni hakuifikia.

Ronah hajanilaumu. Afadhali angenitukana.

Kwenye matanga jirani yetu Ithungu alilikuta kopo jikoni. Akasoma lebo, akanikumbatia. "Usilie sana, dada," akasema. "Wewe ulimtunza."

Nikamwacha aamini hivyo.